SOMO LA SHERIA: Kushikwa ni Jambo Moja, Hatia ni Jambo Jingine

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akishikwa na polisi kwa njia isiyo halali, basi kesi yake imekwisha, na hakimu hana budi kumwachilia huru. Wengine hudhani kinyume chake, ya kuwa mtu akisha kutiwa katika chumba cha mahabusu amekwisha kuwa mkosaji, na lililobaki ni kungoja adhabu. Mawazo yote mawili si kweli, na kila moja laweza kumpeleka gerezani mtu asiyestahili kufika huko.

Sheria ya Kenya huuliza maswali mawili mbalimbali. La kwanza: je, mtu huyu alishikwa kwa halali? La pili: je, mtu huyu alitenda kosa aliloshtakiwa? Mshtakiwa ayachanganyaye maswali haya hupoteza siku zake kortini akilalamika juu ya jinsi alivyovutwa na kusukumwa, huku mashtaka yenyewe yakikaa bila jibu. Somo hili laeleza jinsi maswali hayo yanavyotengana, mahali yanapokutana, na mambo yampasayo mshtakiwa tangu saa ya kushikwa mpaka siku ya hukumu.

MFANO WA KUFUNZIA

Ili somo lifahamike vema, na itwaliwe habari ya mchuuzi mmoja wa viazi katika soko la mji mdogo. Habari hii ni ya kubuni, kwa ajili ya kufunzia tu.

Siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, watu wawili waliovaa nguo za kiraia wafika mezani pake. Mmoja amshika mkono. Mchuuzi auliza, “Ndugu, nimekosa nini?” Ajibiwa, “Utajulia mbele.” Avuta mkono wake, meza yapinduka, viazi vyatawanyika, na yule aliyemshika apata mchubuko kwenye kiwiko. Mchuuzi atiwa pingu na kupelekwa kituoni, na huko ndiko ajuako kwa hakika ya kuwa watu wale ni askari polisi.

Hivyo ndivyo asemavyo yeye. Lakini askari wasema mambo mengine: ya kuwa walionyesha vitambulisho vyao vya kazi, wakamweleza sababu ya kumshika, naye akawasukuma kwa nguvu ili atoroke.

Siku ya Jumatatu asomewa mashtaka mawili. La kwanza ni kupokea mali ya wizi, kwa kuwa mfukoni mwake ilipatikana simu ambayo mwenyewe alikuwa ameripoti kwamba imeibwa. La pili ni kumzuia askari polisi akiwa katika kazi yake halali. Kwa shtaka la kwanza sheria yaruhusu kifungo kisichozidi miaka 14. Kwa la pili, kisichozidi miaka 5. Mchuuzi huyu ana mke, watoto watatu, na deni la magunia ya viazi. Ni dhahiri ya kuwa jambo lililo mbele yake si dogo.

SHERIA YASEMAJE JUU YA KUMSHIKA MTU

Polisi hawalazimiki kuwa na hati ya hakimu kila wanapomshika mtu. Kifungu cha 29 cha Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, chawapa ruhusa kumshika bila hati mtu wanayemshuku, kwa sababu za maana, kwamba ametenda kosa la namna ambayo sheria yawaruhusu kumshikia bila hati. Shuku tupu haitoshi, wala chuki, wala uvumi wa sokoni. Lazima iwepo sababu ambayo mtu mwenye akili timamu angeikubali. Katika mfano wetu, kama mwenye simu alikwenda kituoni kuripoti, na upelelezi ukaonyesha ya kuwa simu iko mikononi mwa mchuuzi, hiyo ni sababu ya maana, hata ikiwa mwishowe mchuuzi aonekana hana hatia.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 21 na cha 24, yaweka mipaka ya nguvu. Mtu akikubali kwa neno au kwa kitendo kwenda na askari, hapana haja ya kumkamata kwa mabavu. Akikataa kwa nguvu, askari aweza kutumia nguvu, lakini isizidi ile inayohitajiwa. Naye aliyekwisha kushikwa hafungwi wala habanwi kupita kadiri ya kumzuia asitoroke.

Juu ya hayo yote iko Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 49 yasema ya kuwa mtu aliyeshikwa ana haki ya kuelezwa upesi, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kushikwa kwake, haki yake ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Ana haki ya kuzungumza na wakili na watu wengine ambao msaada wao wahitajiwa. Halazimishwi kukiri neno lolote litakaloweza kutumiwa kuwa ushahidi juu yake. Tena ni lazima afikishwe kortini upesi iwezekanavyo, wala si baada ya saa 24. Lakini kama saa hizo zaisha wakati korti imefungwa, muda huendelea mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana mchuuzi aliyeshikwa Ijumaa jioni aliweza kuletwa Jumatatu bila sheria kuvunjwa.

Kanuni ya kumweleza mtu sababu ya kumshika ni ya zamani kuliko Katiba hii. Mwaka 1942, katika mji wa Liverpool huko Uingereza, askari walimshika mfanyabiashara mmoja, jina lake Leachinsky, kwa sababu ambayo sheria haikuwapa ruhusa kumshika kwayo bila hati. Aliwashtaki, na kesi ikafika mbele ya majaji wa juu kabisa wa Uingereza, ambao mwaka 1947 waliamua ya kuwa mtu ashikwaye bila hati ana haki ya kujua kwa nini anyang’anywa uhuru wake. Lakini majaji hao waliongeza maneno ambayo mshtakiwa yampasa kuyafahamu pia. Sababu haihitaji kutajwa kwa maneno ya kisheria. Na mtu ambaye mwenyewe anafanya isiwezekane kumweleza, kwa mfano kwa kupigana mara moja au kukimbia, hawezi kulalamika baadaye ya kuwa hakuelezwa.

JE, KUSHIKWA VIBAYA KWAFUTA MASHTAKA?

Jibu, kwa desturi, ni kwamba hapana. Iko kesi mashuhuri iliyotoka hapa Kenya, katika siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Mtu mmoja, Kuruma mwana wa Kaniu, alisimamishwa penye kizuizi cha barabarani akapekuliwa, nao askari wakasema wamempata na risasi mbili. Kanuni za wakati ule ziliwapa ruhusa ya kupekua watu bila hati askari wenye cheo cha Inspekta Msaidizi au zaidi. Waliompekua Kuruma hawakuwa na cheo hicho. Yeye alikana kabisa ya kuwa alikuwa na risasi. Kisu kidogo kilichosemekana kilipatikana pamoja nazo hakikuletwa kortini. Alihukumiwa kufa.

Rufani yake ilifika London, mbele ya korti ya mwisho ya rufani kutoka makoloni. Majaji waliikataa. Walisema ya kuwa neno linaloulizwa ni kama ushahidi wahusu kesi. Ukihusu, korti yaweza kuupokea, wala haiangalii umepatikanaje, ila jaji ana hiari ya kuukataa kama kuupokea kungemwonea mshtakiwa. Hata hivyo majaji hao hawakuridhika kabisa na mambo yalivyokwenda, maana waliyapeleka mbele ya Waziri wa Makoloni baadhi ya mambo ya kesi hiyo ili ayafikiri. Hukumu hiyo, iliyochapishwa katika vitabu vya sheria vya mwaka 1955, ilifuatwa kwa miaka mingi katika nchi nyingi.

Katiba ya mwaka 2010 imegeuza sehemu kubwa ya jambo hilo. Ibara ya 50(4) yasema ya kuwa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki yoyote iliyomo katika Sura ya Haki utakataliwa, ikiwa kuupokea kungeifanya kesi isiwe ya haki, au kungedhuru utoaji wa haki kwa njia nyingine. Angalia sana maneno haya. Si kila ushahidi uliopatikana vibaya utupwao, ila ule tu ambao kuupokea kwake kungeharibu haki. Mshtakiwa ndiye apaswaye kuinuka na kumwonyesha hakimu ni haki gani iliyovunjwa, na ubaya wake ni upi. Akinyamaza, ushahidi utapita.

Habari ya saa 24 nayo imepitia njia kama hiyo. Mwaka 2006, chini ya Katiba ya zamani, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilimwachilia mtu aliyekuwa amewekwa miezi minane kabla ya kuletwa kortini, na watu wengi wakadhani ya kuwa kila kuchelewa kwafuta kesi. Lakini mwaka 2010 Mahakama hiyo hiyo ilieleza ya kuwa kuwekwa kituoni kupita muda ni jambo moja na kesi yenyewe ni jambo jingine. Aliyedhulumiwa kwa namna hiyo dawa yake ni kudai fidia, si kuachiliwa kwa kosa ambalo huenda alilitenda. Katiba ya sasa, katika Ibara ya 23, yaipa korti uwezo wa kumpa fidia mtu ambaye haki zake zimevunjwa.

Basi mchuuzi wa viazi asitumaini ya kuwa shtaka la simu litaanguka kwa sababu tu alivutwa mkono bila kuambiwa neno. Shtaka hilo lina mizizi yake mbali na mkono wake. Serikali yapaswa kuthibitisha kwamba simu iliibwa, kwamba yeye aliipokea au kukaa nayo, na kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, ya kuwa ni ya wizi. Jibu lake limo katika mambo hayo matatu. Asema aliinunua majuma matatu kabla kwa fundi wa simu wa mtaa ule ule, naye ana stakabadhi. Karatasi hiyo moja, pamoja na ushuhuda wa fundi, ina uzito kuliko malalamiko mia juu ya viazi vilivyomwagika.

MAHALI MASWALI MAWILI YANAPOKUTANA

Kwa shtaka la pili mambo ni mengine. Kifungu cha 253 cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 63, chamwadhibu mtu anayemshambulia, kumpinga au kumzuia kwa makusudi askari polisi “katika utendaji halali wa kazi yake”. Maneno hayo ndiyo nguzo ya shtaka. Kama askari hakuwa akitenda kazi yake kwa halali, nguzo yaondoka, na nyumba yaanguka. Hapo swali la uhalali wa kushikwa si malalamiko ya pembeni tena, bali ndiyo kesi yenyewe.

Kwa hiyo kwa shtaka hili yampasa mchuuzi aonyeshe wazi mambo haya: kwamba hakuelezwa sababu ingawa aliuliza, kwamba hakuna kitambulisho kilichoonyeshwa, kwamba watu wale walivaa nguo za kiraia naye akawadhani kuwa wezi. Kifungu cha 10 cha Kanuni za Adhabu chamlinda mtu aliyetenda jambo kwa kudhani, kwa uaminifu na kwa sababu ya maana, kwamba hali ni hivi kumbe ni vingine. Bali dhana hiyo iwe ya kweli; isiwe hadithi iliyotungwa katika chumba cha mahabusu.

Hapa hapana budi kutoa onyo. Sheria kuwapo haimaanishi ya kuwa ni busara kushindana na askari barabarani. Mtu aliyeshikwa hawezi kujua saa ile yale ambayo askari ameambiwa kituoni, na huenda sababu ya maana ipo ingawa hajaisikia bado. Waswahili wamesema, hasira hasara. Aendaye kwa utulivu, huku akisema kwa sauti ya kusikika, “Nakwenda nanyi, lakini naomba kuelezwa sababu,” hajapoteza haki hata moja, naye hajamtengenezea mwendesha mashtaka shtaka la pili.

SIKU ZA KWANZA

Kesi nyingi hushindwa au hushinda kwa mambo yaliyofanywa katika siku za kwanza, kabla ya shahidi hata mmoja kusimama. Yafaa mambo haya yafanywe bila kukawia.

Kwanza, kinywa kifungwe. Jina na makao yatajwe kwa adabu. Lakini habari za kosa zingoje wakili, au zingoje korti. Kunyamaza si dalili ya hatia. Ni haki iliyoandikwa. Tena Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, haikubali ukiri uliofanywa mbele ya askari yeyote tu. Ukiri huo hupokewa ukiwa umefanywa kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya ofisa wa polisi mwenye cheo kilichotajwa na sheria, ambaye siye mpelelezi wa kesi, akiwapo pia mtu aliyechaguliwa na mshtakiwa mwenyewe. Mtu asitie sahihi yake, wala alama ya dole gumba, kwenye karatasi asiyoisoma au asiyosomewa.

Pili, wakati uandikwe. Saa ya kushikwa, mahali, majina au namba za askari, maneno waliyosema, na namba iliyoandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo, kile ambacho watu hukiita OB. Jamaa afikaye kituoni aweza kuiuliza namba hiyo. Mtu akiandika mambo siku ile ile, hakuna atakayemshinda kwa urahisi miezi sita baadaye.

Tatu, mashahidi watafutwe kabla hawajasahau. Mama wa meza ya pili, kijana wa mkokoteni, mwenye duka aliyekuwa mlangoni, wote waliona. Siku hizi pia wapo watu waliopiga picha kwa simu zao, na maduka yenye kamera. Picha za kamera hizo mara nyingi hufutika baada ya siku chache; kwa hiyo ziombwe mapema.

Nne, kama kuna jeraha, daktari alione upesi, na hati ya P3 ijazwe. Pingu zilizokaza mno huacha alama kwa siku mbili tatu tu. Malalamiko juu ya askari yaweza kupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Lakini malalamiko hayo hayasimamishi kesi, na mtu asiache kwenda kortini akidhani ya kuwa yatamwokoa.

MBELE YA HAKIMU

Siku ya kwanza mshtakiwa husomewa mashtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Katika swali hilo fupi wengi wamejiangamiza. Mtu amechoka, amelala sakafuni usiku tatu, ataka kurudi kwa watoto, mahabusu mwenzake amnong’oneza, “Kubali tu, utatozwa faini uende zako.” Akubali. Hapo ajifungia mlango, kwa maana kifungu cha 348 cha Sura ya 75 hakimruhusu aliyekiri kosa mbele ya korti ya chini kukata rufani juu ya hatia yenyewe, ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu.

Sheria nayo yamlinda mtu asiyefahamu. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakimu wa Kenya wangali wakiufuata. Shtaka na kila sehemu yake ya lazima hufafanuliwa kwa lugha anayoijua mshtakiwa. Jibu lake huandikwa kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Kisha mwendesha mashtaka hueleza mambo yalivyotukia, na mshtakiwa huulizwa kama ana la kuyapinga. Akipinga jambo la maana, au akibadili nia kabla ya adhabu, hakimu huandika ya kuwa amekana. Kwa hiyo mchuuzi akisema, “Ni kweli nilivuta mkono, lakini sikujua kama ni askari,” hilo si kukiri, ni kukana, na yapasa liandikwe hivyo. Kama hasikii lugha ya korti, ana haki ya mkalimani bila malipo.

Siku hiyo hiyo aombe dhamana. Katiba yasema ya kuwa aachiliwe kwa masharti yasiyo mazito mno, ila ikiwapo sababu kubwa ya kumzuia. Hakimu aweza kuuliza kama ana makao ya kujulikana, kazi, na jamaa wa kumdhamini. Ni vema jamaa hao wawepo kortini na vitambulisho vyao. Asiyeweza kuajiri wakili aweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Na Katiba yampa wakili kwa gharama ya Serikali yule ambaye bila wakili angeonewa sana.

KUSIKIZWA KWA KESI

Kabla ya mashahidi kuitwa, mshtakiwa ana haki ya kupewa habari za ushahidi utakaotumiwa juu yake. Aombe taarifa za mashahidi, nakala ya maandishi ya kitabu cha matukio, na orodha ya vitu vilivyochukuliwa, kisha apewe muda wa kuvisoma. Asiyesoma karatasi hizo ni kama mvuvi aendaye baharini bila kuuliza upepo.

Kazi ya kuthibitisha ni ya Serikali, nayo ni lazima ithibitishe mpaka pasibaki shaka la maana. Mshtakiwa hathibitishi ya kuwa hana hatia. Lakini yampasa awaulize mashahidi maswali, na kuuliza maswali si kugombana. Swali zuri ni fupi, lina jambo moja tu, na jibu lake limo tayari katika karatasi. Kwa mfano: “Kitambulisho chako ulikionyesha kabla ya kumshika mkono au baada?” “Katika kitabu cha matukio uliandika sababu gani ya kumshika?” “Taarifa yako ya siku ile yasema alikupiga ngumi. Leo wasema alikusukuma. Neno la kweli ni lipi?” Njia ya mwongo ni fupi, yatosha kumwacha aitembee.

Iko kanuni moja ambayo wasio na wakili huisahau. Kila neno ambalo mshtakiwa atalisema katika utetezi wake, alitaje kwanza kwa shahidi wa Serikali ahusikaye nalo. Ikiwa habari ya “Utajulia mbele” yasikika kwa mara ya kwanza baada ya askari kushuka kizimbani, hakimu aweza kufikiri ya kuwa imetungwa baadaye.

Serikali ikimaliza, hakimu huamua kama pana kesi ya kujibu. Chini ya kifungu cha 210, ikiwa ushahidi hautoshi, mshtakiwa huachiliwa bila kusema neno. Mwaka 1957 korti ya rufani ya Afrika Mashariki ilieleza ya kuwa kesi ya kujibu ni ile ambayo korti yenye haki ingeweza kumtia mtu hatiani kama yeye asingetoa maelezo yoyote. Haitoshi kutumaini ya kuwa utetezi utajaza mapengo ya mashtaka.

Kesi ikiendelea, kifungu cha 211 champa njia tatu. Aweza kuapa na kutoa ushahidi, naye ataulizwa maswali. Aweza kusema bila kiapo, wala hataulizwa maswali, lakini maneno yake huwa na uzito mdogo. Au aweza kunyamaza. Katika kila njia aweza kuwaita mashahidi wake. Mchuuzi mwenye stakabadhi, fundi wa simu, na mama wa meza ya pili ana sababu nzuri ya kuapa na kusema yote.

BAADA YA HUKUMU

Hakimu aweza kumtia hatiani kwa shtaka moja na kumwachilia kwa jingine, kwa maana kila shtaka hupimwa peke yake. Aliyetiwa hatiani ana siku 14 za kukata rufani, na aombe mara moja nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi. Aliyeachiliwa, au yule aliyeshikwa kwa njia isiyo halali, aweza kudai fidia katika kesi ya madai. Lakini madai ya namna hiyo juu ya Serikali yana muda wa miezi 12, nao hupita upesi kwa mtu anayengoja.

Askari polisi ana kazi ngumu, na nchi isiyo na polisi haikaliki. Sheria iliyoelezwa hapa haikuwekwa ili kumvunja nguvu askari mwema, bali ili nguvu zake zijulikane mpaka wake. Naye raia anayeujua mpaka huo hana haja ya kupiga kelele sokoni. Ana mahali pa kusema, ana saa ya kusema, na ana neno la kusema.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini shtaka la simu laweza kusimama hata kama mchuuzi alishikwa vibaya, na shtaka la kumzuia askari laweza kuanguka?

2. Ni ushahidi wa namna gani ambao Ibara ya 50(4) yautaka ukataliwe? Kesi ya Kuruma ingeulizwa maswali gani kama ingalisikizwa chini ya Katiba ya 2010?

3. Mtu ameshikwa Jumanne saa nne asubuhi. Ni lazima afikishwe kortini kabla ya wakati gani?

4. Mshtakiwa ajibu, “Ni kweli, lakini walinishambulia kwanza.” Je, hakimu aandike ya kuwa amekiri au amekana? Kwa nini?

5. Mtu wa jamaa yako ameshikwa leo jioni. Taja mambo manne ya kufanya kabla ya kesho jioni.